Dawa za presha za mama zimekwisha, tuko Micheweni

Assalamu alaykum. Mama anatumia atenolol 50, kidonge cha mwisho kameza jana. Kliniki yake Wete ni Jumatatu. Jirani atupatia amlodipine zake, eti presha ni presha. Tumpe?

— Waalaykumu salaam. Msimpe! Zote za presha, lakini hazifanyi kazi namna moja. Na atenolol haikatwi ghafla: moyo waweza kwenda mbio, presha ikapanda. Jumatatu ya nini? Nendeni leo hospitali ya hapo hapo, na kadi na pakti tupu.

— Akizipata asimeze mbili kufidia. Bi mkubwa wangu alifanya hivyo, kizunguzungu mpaka magharibi.

— Kifua kikimbana msingoje daladala, tafuteni gari.

— Ahsanteni. Kadi ipo, pakti kaitupa jaani, mama huyu! Twaondoka.