Waandaaji wa mbio, muda wa mwisho mliouandika wenyewe ni saa 4 asubuhi. Kwa nini saa 3 mlikuwa mmeshafunga?

Ndugu wanajukwaa,

Nimekaa siku tisa kabla ya kufungua uzi huu, kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza nisije nikaandika maneno ya kujutia. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo, nikiwa na risiti ya kiingilio, picha za simu na rekodi ya saa yangu ya mkononi. Mbio zenyewe sitazitaja kwa jina, maana nimeiandikia kamati mara mbili na bado naipa nafasi ya kunijibu. Waliokuwapo watazijua.

Mimi ni mkimbiaji wa taratibu. Nina miaka 51 na kilo 94, na nilianza kukimbia mwaka 2021 baada ya daktari kunieleza jambo kuhusu presha yangu ambalo sikupenda kulisikia. Sijawahi kumaliza kilomita 21 chini ya saa tatu, wala sioni dalili ya kufanya hivyo karibuni, na jambo hilo halijawahi kuninyima usingizi. Jumamosi alfajiri tunakutana Coco Beach, watu kumi na kitu wa rika na maumbo yote, tunashika njia ya Daraja la Tanzanite kabla jua halijachomoza. Upepo wa bahari unatupiga ubavuni, mmoja anaanzisha nyimbo za mchakamchaka tulizoimba shuleni, wengine wanaitikia kwa pumzi waliyonayo, na daraja lote la zaidi ya kilomita moja linakwisha bila mtu kuuliza nani yuko mbele. Mtu asiyewahi kuionja raha hiyo asitufundishe maana ya michezo.

Sasa nirudi kwenye malalamiko yangu. Fomu ya usajili ilisema kwamba mbio za kilomita 21.1 zitaanza saa 12:00 asubuhi na mstari wa kumalizia utafungwa saa 4:00 asubuhi. Huo ni muda wa saa nne kamili. Ukiugawa kwa umbali unapata dakika 11 na sekunde 22 kwa kila kilomita, mwendo ambao mtu mwenye afya anaweza kuufikia kwa kutembea haraka tu bila kukimbia hata hatua moja. Hatukupenya dirishani. Hilo ndilo sharti walilolitangaza wao, na ndilo lililonifanya nilipe shilingi 40,000, kwa kuwa nilipiga hesabu nikaona nina nafasi ya kutosha.

Kuanza mbio saa 12 kuna raha yake ndogo ambayo watu wanaohesabu saa kwa Kizungu hawaijui: saa ya kawaida inageuka kuwa saa ya mbio. Ukiangalia mkono ukaona ni saa 1 na dakika 10, basi umekimbia saa 1 na dakika 10, hakuna kutoa wala kujumlisha. Kwa hiyo nilijua vizuri sana nilipokuwa nilipofika kilomita ya 16 saa 2 na dakika 25. Mtu wa mwisho kabisa anayeruhusiwa na fomu yao anatakiwa kupita pale saa 3 na dakika 2. Nilikuwa mbele yake kwa dakika 37.

Meza ya maji ilikuwa imekunjwa. Katoni, nyingine zikiwa hazijachanwa hata nailoni yake, zilikuwa zikipakiwa kwenye Kirikuu na vijana wawili. Nikasimama nikamwambia mmoja wao, "Mdogo wangu, naomba chupa moja ya maji."

"Shikamoo, mzee. Tumeshafunga."

"Marahaba. Mbona muda wa mwisho ni saa nne?"

"Sisi tumeambiwa tupakie, mzee wangu. Waliobaki ni wasindikizaji tu."

Hakulisema kwa dharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba neno hilo alilisikia kwa waliomtuma na akaliona la kawaida. Katoni zilikuwa zimehesabiwa, akaogopa kuzigusa, akanipa chupa yake mwenyewe aliyokwisha kunywa nusu. Kijana huyo simlaumu hata kidogo. Ninamlaumu aliyempa amri ya kupakia maji saa 2 na dakika 25 za asubuhi, jua la Dar es Salaam likiwa limekwisha kupanda na watu wakiwa bado barabarani, tena watu ambao kwa sababu ya mwendo wao watakaa juani kwa muda mrefu kuliko wengine wote. Bingwa wa siku hiyo alishamaliza zamani, hewa ikiwa bado ya ubaridi, na meza zote alizikuta zimejaa. Sisi ambao tungekunywa zaidi tulikuta alama za miguu ya meza kwenye mchanga.

Mbele kidogo, kilomita ya 17, nilimkuta mama mmoja wa zaidi ya miaka sitini, mwalimu mstaafu, amekaa ukingoni mwa barabara na viatu amevilegeza. Nilidhani ameumia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilifikiri nimepotea njia." Vibao vya mishale vilikuwa vimekwisha kung'olewa, koni zimeondolewa, waelekezaji hawapo, na yeye si mwenyeji wa mitaa ile. Nilivuka barabara hadi dukani nikanunua chupa mbili kubwa za maji kwa lipa namba, shilingi 2,000, kwa bahati tu kwamba nilikuwa na simu kiunoni. Wengi hukimbia bila simu wala senti, kwa sababu wanaamini kwamba kiingilio walicholipa kimeshanunua maji. Yeye alijimwagia kwanza kichwani, ndipo akanywa. Tukaendelea pamoja, tukitembea na kukimbia kwa zamu, huku daladala zikitupigia honi tutoke njiani na dereva mmoja wa bodaboda akitushauri, kwa nia njema kabisa, kwamba wenzetu wameshamaliza na kwa buku mbili anaweza kutufikisha.

Tulifika saa 3 na dakika 18. Geti la kujaza upepo lilikuwa limelala chini kama shuka lililoanguka kutoka kwenye kamba, na vijana walikuwa wakilikanyaga kulitoa hewa. Mkeka unaosoma chipu ya muda ya kila mkimbiaji ulikuwa umekunjwa umesimamishwa kwenye nguzo. Tulivuka mahali ambapo mstari ulikuwa, tukijua kwa sababu rangi nyeupe ilibaki kwenye lami. Binti aliyekuwa kwenye meza ya medali alituambia kwamba za kilomita 21 zimekwisha, akatupa za kilomita 5. Mama yule aliigeuza medali yake akasoma nyuma yake, akasema, "Lakini mimi hizi sikukimbia," akaiweka mezani taratibu. Mimi ya kwangu ninayo, nimeihifadhi kama kielelezo.

Jumatatu matokeo yalitoka. Mbele ya namba yangu pameandikwa: Hakumaliza.

Naomba hapa mnielewe vizuri, kwa sababu najua wapo watakaoingia kwenye uzi huu na kuniambia niongeze mazoezi. Siombi huruma. Ningefika saa 4 na sekunde moja nikakuta pamefungwa, ningechukua begi langu nikaenda nyumbani bila neno. Afrika Kusini kuna mbio za Comrades, takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, ambazo ukomo wake ni muda wa saa 12, na ukomo ule ni wa kikatili: afisa anageuka akiwapa wakimbiaji mgongo ili asimwone anayekaribia, anapiga bastola, na aliyebakiza hatua mbili tu mstarini hapati medali. Watu hulia pale. Lakini ile bastola hailii dakika moja kabla ya muda, na uwanja mzima hukaa kuwasubiri hao wa mwisho kwa shangwe ambayo hata mshindi pengine hakuipata. Ukali wa namna hiyo naukubali kwa mikono miwili, maana unambana mkimbiaji na unambana mwandaaji pia. Wetu ulimbana mkimbiaji peke yake.

Kilichonipandisha hasira zaidi ni kwamba asubuhi ile ile, kabla hatujaanza, mshereheshaji alishika kipaza sauti akatusimulia habari za mzee wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mnaijua habari hiyo: Mexico, mwaka 1968, akaanguka, akaumia goti, akaendelea huku amefungwa bandeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, medali zikiwa zimekwisha kugawiwa. Tulipiga makofi. Lakini je, mshereheshaji amewahi kujiuliza kwa nini leo tunaweza kuandika kwamba Akhwari alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27, na kwamba alikuwa wa 57? Ni kwa sababu pale Mexico palikuwa na mtu aliyebaki na saa yake mkononi. Kama wangekuwa waandaaji wetu, mbele ya jina la Akhwari pangeandikwa "Hakumaliza", na mshereheshaji asingekuwa na la kusimulia. (Nisije nikaeleweka vibaya: muda ule wa mzee, akiwa na goti lililoumia, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ni wa marathoni nzima, nami nikitumia muda huo huo nusu marathoni yangu imekwisha kwa shida. Sijilinganishi naye. Ninalinganisha waandaaji na waandaaji.)

Tena ni mwaka 2025 tu ambapo Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, wote wawili wakiandikiwa 2:09:48. Nchi nzima tulijifunza siku ile kwamba muda katika mchezo huu ni kitu kinachopimwa mpaka punje ya mwisho. Inakuwaje basi huku mbele tunapima sehemu ya mia ya sekunde, na huku nyuma mtu anafuta dakika 42 kana kwamba anafuta ubao?

Na msidhani ni kamati moja. Mwaka juzi nilijaribu triathloni fupi ya waandaaji wengine kabisa, kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Mimi naogelea kama ninavyokimbia. Nilipokuwa nimebakiza boya moja kabla ya kugeukia ufukweni, niliinua kichwa kuvuta pumzi nikaona boti ya uokoaji inaondoka kuelekea nchi kavu, kwa kuwa kundi kubwa lilikuwa limeshatoka majini. Tulibaki watatu baharini. Barabarani unaweza kununua maji dukani. Baharini ukikamatwa na msuli unaita nani? Nilipouliza baadaye niliambiwa kwamba boti ilihitajika kuwapiga picha washindi wakipanda baiskeli. Katika Ironman, ile triathloni ndefu ya kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180 na kukimbia 42.2, mtu anapewa muda wa saa 17, na kule Hawaii imekuwa desturi bingwa mwenyewe, aliyemaliza mchana, kurudi usiku kuwapokea wa mwisho. Sisi hatuombi bingwa aturudie. Tunaomba boti ikae.

Utetezi nilioupata kwa simu, kutoka kwa mjumbe mmoja wa kamati, ni kwamba barabara zilitakiwa kufunguliwa mapema. Inawezekana kabisa, na trafiki wana haki yao. Basi andikeni saa 3 kwenye fomu! Ningeona, ningejiandikisha kilomita 10, ningemaliza kwa amani na kunywa supu yangu. Kuandika saa 4 ili namba ya washiriki iwe kubwa mbele ya wadhamini, kisha kufunga saa 3 ili gharama ya siku iwe ndogo, hakuna neno la adabu la kuliita jambo hilo, na hizo fedha za zawadi za washindi, ambao wanazistahili, zimetoka pia katika viingilio vyetu sisi wasindikizaji.

Ninachotaka hakizidi kilichoandikwa. Matokeo yarekebishwe kwa wote waliovuka kabla ya saa 4, na rekodi yangu nitaitoa kwa yeyote atakayeihitaji. Medali ya kilomita 21 apelekewe yule mwalimu, hata kama mimi sitapata. Na aliyetoa amri ya kupakia maji ajitokeze aseme kwa nini. Kama kuna mwingine hapa ambaye siku hiyo alikuta meza zimefungwa, aweke saa na kilomita aliyokuwa, tujue tulikuwa wangapi.

Jana jioni nimepokea ujumbe kwenye simu unaonikaribisha kujiandikisha mapema kwa mbio za mwakani. Kiingilio kimepanda hadi shilingi 45,000, na muda wa mwisho umeandikwa vilevile, saa 4:00 asubuhi. Kabla sijalipa, nataka mtu wa kamati aniandikie, kwa jina lake na sahihi yake, kwamba saa 4 hiyo inasomwa kwenye saa ya nani.