Kufundisha kalenda darasa la awali kwa laptop moja, mnafanyaje?

mwl_awali_moro:
Habari za jioni wadau. Mi nafundisha darasa la awali huku Morogoro, watoto wa miaka mitano, wako kama arobaini hivi, na shule imepata laptop moja na projekta ambayo tunapokezana na darasa la saba. Mwalimu mkuu anataka hata hawa wadogo waiguse, nikaona nianze na kalenda, yaani siku za wiki, jana leo kesho, hali ya hewa, maana kila asubuhi siku saba wanaziimba bila kukosea afu ukimuuliza mmoja jana ilikuwa siku gani anakwambia Krismasi. Nataka wajifunze na kupanga taarifa, sio kukariri tu. Kama kuna kitu cha bure kisichokula bando nitashukuru sana.

mama_chekechea:
Hongera mwalimu. Hiyo ya Krismasi ni umri tu, mtoto wa miaka minne mitano "jana" kwake ni siku yoyote iliyopita. Ndo maana kalenda ya mwezi mzima yenye vijumba thelathini inamzidi, we anza na wiki ya shule, vijumba vitano basi. Na usianze na laptop, anza na manila ukutani. Mtoto wa zamu anatoka nje anaangalia mbingu, anarudi anachagua kadi ya jua, wingu au mvua anaibandika chini ya siku ya leo. Afu unamuuliza, kadi ya jana iko wapi? Anaigusa. Sasa jana ina mahali pa kukaa. Wakishazoea hapo ndo kompyuta iingie.

kaka_spreadsheet:
Naungana na mama hapo juu. Kwa upande wa laptop tumia Excel, ile programu ya majedwali, na kama hamna leseni LibreOffice Calc ni ya bure, ukishaiweka haihitaji intaneti tena. Chora jedwali, juu Jumatatu mpaka Ijumaa, kila mstari ni wiki moja, vijumba vifanye vikubwa waone mpaka wa nyuma. Afu kata stika ndogo, bandika jua kwenye kitufe cha J, wingu kwenye W, mvua kwenye M. Mtoto anabonyeza picha anayoijua, hana haja ya kusoma. Iamuru programu kijumba chenye J kiwe cha njano, W kijivu, M bluu. Pembeni weka COUNTIF, yaani fomula ya kuhesabu, ihesabu J ngapi, W ngapi, M ngapi, na utoe chati ya nguzo. Mtoto akibonyeza Enter nguzo inapanda hapo hapo mbele ya macho yake, na hapo ndo utasikia darasa linapiga kelele! Ukifanya mwezi wa pili na mwezi wa nne wataona wenyewe masika yameingia.

baba_wawili:
Samahani walimu, mi ni mzazi na hili linanipa wasiwasi. WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 walisema watoto wa miaka mitatu na minne wasizidi saa moja kwa siku kukaa mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Nyumbani tayari wana simu na katuni, leo tena shuleni?

mama_chekechea:
Baba wasiwasi wako ni wa haki kabisa na naomba kila mwalimu auzingatie. Ila hapa hawakai kuangalia, mmoja anatoka nje, anarudi, anabonyeza, wenzake wanahesabu nguzo kwa vidole, dakika chache inazimwa. Ikigeuka kuwa katuni hata mi nitasimama upande wako.

mwl_PP2_kilifi:
Hapa Kenya darasa la PP2, yaani mwaka wa pili wa awali, mimi hutumia siku za kuzaliwa. Kwanza wanajipanga uwanjani kwa miezi, wa Januari mbele wa Disemba nyuma, vurugu tupu lakini wanapenda. Baadaye naandika majina na namba ya mwezi kwenye jedwali, tunabonyeza kupanga, majina yanaruka yanajipanga kama walivyosimama wao. Tunabonyeza tena kwa herufi ya kwanza, yanajipanga upya, watoto ni wale wale. Wanaelewa upesi sana kwamba orodha moja yaweza kupangwa kwa njia mbili. Tahadhari moja tu mwalimu, orodha hiyo usiitume kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi, ni taarifa za watoto.

mwl_awali_moro:
Asanteni sana jamani, stika kwenye vitufe nazikata kesho. Swali moja, siku umeme ukikatika au ni sikukuu kijumba nakiachaje?

kaka_spreadsheet:
Umeme ukikatika manila ipo, mnajaza kesho yake kwa kuangalia ukutani. Sikukuu acha kitupu, usikijaze kwa kukisia. Waulize kwa nini hakina rangi, wacha wakwambie wao.