Saratani ya damu: je, vidonge ni dhaifu kuliko dripu?

Muulizaji: Habari za jioni, ndugu zangu. Baba yangu amegundulika kuwa na saratani ya damu aina ya CML, yaani ile inayokua polepole, akapewa vidonge vya imatinibu, miligramu 400 kila siku, na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kijana wa jirani, ambaye naye ana saratani ya damu, amelazwa na anatundikiwa dripu. Wazee wa ukoo wanasema baba ametelekezwa, na wanataka tuuze shamba ili atafutiwe dawa ya mshipani. Naomba mwenye ujuzi anieleweshe.

Mfamasia: Pole kwa kuuguliwa, ndugu yangu. Tafadhali msiuze shamba. Ugonjwa wa baba huchochewa na kimeng'enya kiitwacho BCR-ABL, kinachofanya uboho uzalishe chembe nyeupe bila kikomo, na imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Takriban asilimia 98 ya dawa hiyo ikimezwa huingia kwenye damu, kwa hiyo kuipitisha mshipani kusingeongeza lolote. Kijana huyo huenda ana aina kali, ambayo hutibiwa kwa dawa kama vinkristini na daunorubisini. Hizo zikimezwa haziingii vizuri kwenye damu, na zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, ndiyo maana hutolewa mbele ya muuguzi.

Muuguzi: Naafiki, ila nasisitiza jambo moja. Dripu hufunguliwa na muuguzi, lakini kidonge kinamtegemea mgonjwa na watu wa nyumbani kwake, na wapo wanaoacha dawa mara tu uvimbe wa wengu unapopungua, ilhali ugonjwa bado upo. Baba ameze dawa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, na asile balungi. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu, daktari wake aambiwe mapema, kwa sababu rifampisini hushusha sana kiwango cha imatinibu mwilini.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Tutajuaje kama vidonge vinafanya kazi?

Mfamasia: Kwa kipimo cha damu cha BCR-ABL. Baada ya miezi 3 kinatarajiwa kiwe kimeshuka hadi asilimia 10 au chini ya hapo, na baada ya mwaka mmoja hadi asilimia 0.1. Kisiposhuka, daktari huhakikisha kwanza kwamba dawa zilimezwa ipasavyo, kisha anaweza kumhamishia kwenye dasatinibu au nilotinibu, ambazo nazo ni za kumeza.