Video inaganda, sauti inakatika: tupeane uzoefu wa intaneti ya nyumbani

Kando ya Ziwa (Goma, Himbi)
Jana mtoto wa dada yangu alikuwa na mahojiano ya kazi kwa video. Wamemwambia tu "jieleze", picha ikaganda, mdomo wazi, jicho moja limefungwa. Nikakumbuka mengi. Sisi wenye nyumba za mawe ya volkano tunajua: sebuleni wifi inajaa, ukiingia chumbani inakufa. Leteni yenu, na mwenye dawa alete dawa.

Mtu wa Katindo
Kabisa. Kwangu ofisi ni karibu na choo, huko tu ndiko inafika. Wakubwa wa kazi wanajua sauti ya maji yetu.

Mama Karai (Lubumbashi, Katuba)
Nyinyi mna mawe, sisi tuna delestaji. Ilikuwa umeme ukikatika, simu ya video na mwanangu inakatikia hapo hapo, na ukirudi modemu inaamka polepole kama mzee. Nikanunua kile kibetri kidogo cha modemu. Sasa nyumba yote giza, mimi niko naongea. Ila soma kwanza nyuma ya modemu: kuna za volti 9, kuna za volti 12. Jirani hakusoma, akaiunguza.

Mwana Nguba (Bukavu)
Nyinyi mnalia mahojiano. Sisi tulipoteza ng'ombe.

Ilikuwa siku ya mahari ya mdogo wangu. Baba yetu alishafariki, mwenye sauti ni baba mdogo aliye Bruxelles, na bila yeye hakuna neno linalosemwa. Tukaunganisha simu na televisheni kubwa, wazee wa upande wa msichana wakakaa mbele na fimbo zao. Salamu zikaenda vizuri. Tukafika kwenye hesabu ya ng'ombe. Sisi tulikuwa tumepatana nyumbani: watatu, basi. Msemaji wao akauliza, "Mnaleta wangapi?" Baba mdogo akainua mkono kusema "ngojeni kwanza niseme na watoto wangu". Picha ikaganda hapo. Mkono juu, vidole vitano vimepanuka, uso umetulia kama mtu aliyeridhika. Sauti ikawa ya roboti, kisha kimya.

Mzee wa watu akasimama, akavua kofia mbele ya televisheni. "Mwenyewe amesema. Watano."

Tukaruka sote: mzee, hiyo ni koneksyo! Akatuuliza, "Mkono ni wa nani?" Kabla hatujajibu, bamama wao walishapiga vigelegele. Baba mdogo aliporudi hewani alikuta watu wanakunywa.

Kinachoniuma ni kwamba mega za intaneti zilikuwepo, na asubuhi tulijaribu ikaenda safi. Kumbe vijana wote waliojaa uani walikuwa kwenye wifi yetu wakipandisha video za sherehe kwenye status.

Tantine wa Kadutu
Minacheka mpaka machozi. Lakini mzee alikuwa na haki. Mbele ya mashahidi, mkono ulioinuliwa umeinuliwa.

Mtu wa Katindo
Haki gani tantine? Basi na mtoto wa Himbi aliyeganda mdomo wazi ameajiriwa?

Tantine wa Kadutu
Wewe kaa chooni kwako.

Fundi Mawimbi (Goma)
Turudi kwenye mada kabla ng'ombe hawajatumaliza. Aliyosema Mwana Nguba ndiyo makosa ninayokuta nyumba nyingi. Watu wanapima kasi ya kupokea tu. Kwenye mikataba mingi ya nyumbani, njia ya kutuma ni nyembamba zaidi. Vijana wakiijaza kwa video, picha yenu haitoki, na hata vile vijumbe vidogo vya "nimepokea, leta nyingine" vinakwama kwenye foleni, kwa hiyo picha ya Bruxelles nayo inasimama.

Filamu inavumilia kwa sababu inajiwekea akiba mbele. Netflix wanaomba megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p, na simu ya video inaweza kwenda kwa chini ya hapo sana, lakini simu haina akiba, ikichelewa kidogo tu unahisi. Kama filamu inaenda na simu inakatika, angalia nani anatuma nini. Kama vyote vinakwama, chomeka kompyuta kwa waya kwenye modemu. Ikienda vizuri, laumu wifi. Ikikwama hata kwa waya, hapo sasa pigia kampuni.

Na wenye kuta za mawe, modemu ikiwa na wifi mbili, tumieni ile ya gigahezi 2.4. Ya 5 ina kasi ila haipendi ukuta.

Kijana wa Golf (Lubumbashi)
Hapana fundi. 2.4 huku imejaa, kila parseli ina modemu yake, zote zinapigana. Mimi niko kwenye 5 na sina shida.

Fundi Mawimbi
Kwa sababu unakaa mita mbili toka modemu. Wa 2.4 wachague chaneli 1, 6 au 11, hizo haziingiliani.

Mtu wa Katindo
Ile ya 5 iko uongo. Mimi niliweka modemu juu ya kabati, ikapona.

Mama Karai
Mimi fundi alinishusha toka juu ya kabati, akasema iko karibu mno na mabati. Sasa tumsikilize nani?

Mpita Mpaka (Goma, Birere)
Wanaotumia simu kama modemu: karibu na mpaka inaweza kushika mnara wa Gisenyi, upande wa Rwanda, mega zako hazitembei. Chagueni mtandao kwa mkono.

Kijana wa Golf
Na mara nyingine si nyumba yako wala kampuni. Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto Kongo, yalikata WACS na SAT-3, kebo za baharini zinazoleta intaneti. Hapo ungehamisha modemu mpaka mbinguni.

Tantine wa Kadutu
Dawa ni moja: badilisha neno la siri, jirani anune.

Kando ya Ziwa
Jirani yangu ndiye ananipa maji, tantine. Nimnyime wifi ninywe nini?

Mtu wa Katindo
Mwana Nguba, hujasema. Ng'ombe watano mlilipa?

Mwana Nguba
Tulipeleka watatu. Wawili ni deni. Kila sikukuu mzee anatupigia kwa video, anainua mkono, anakata.

Mpita Mpaka
Aksanti yaya, umenipa siku. Kibetri cha volti 9 Goma kinapatikana wapi? Soko la Virunga nimekosa, wote wana za 12.