Paa linavuja na ukuta una ufa: mpangaji aweke kumbukumbu gani?

Mpangaji wa Mwanga
Habari zenu. Nimepanga vyumba viwili katika nyumba yenye wapangaji wengine hapa Mwanga, Kigoma Mjini. Tangu mvua zianze, paa linavuja juu ya kitanda cha watoto, dari imeota madoa ya rangi ya chai, na kwenye kona ya dirisha pametokea ufa unaopanda kwa mshazari. Mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam. Msimamizi wake huja, hutazama, huahidi fundi, kisha hunyamaza. Sasa nasikia ufa huo unasemwa umetokana na misumari yetu ya pazia, na amana yangu iko mikononi mwao. Niandike nini ili siku ya kukabidhi funguo tusibaki kubishana tu?

Karani Gungu
Pole, ndugu yangu. Fungua daftari leo, na kila tukio uliandikie tarehe, mahali, ulichokiona, uliyemwarifu na alichojibu. Usiandike "paa bovu". Andika kwamba maji yanadondoka kwenye kiungo cha dari kilicho juu ya kitanda, upande wa dirisha, mvua kubwa ikishanyesha kwa muda fulani. Picha ya doa peke yake haisaidii sana, kwa kuwa doa la nyumba yako na la nyumba ya jirani hufanana. Piga kwanza ya mbali inayoonyesha chumba, ndipo upige ya karibu yenye rula kando yake. WhatsApp huipunguza picha na kuiondolea taarifa za siku ilipopigwa, kwa hiyo itume kama dokumenti na uhifadhi ile ya awali.

Lililo kubwa zaidi ni barua. Daftari lisilomfikia mwenye nyumba ni siri yako mwenyewe. Andika nakala mbili, msimamizi asaini moja ibaki kwako. Akikataa, mpe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamwachia mwenye nyumba matengenezo ya paa na kuta za nje pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, ila usome pia mkataba wako unasemaje.

Fundi Mstaafu
Msumari wa pazia hauleti ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha. Ufa wa namna hiyo mara nyingi hutokana na msingi kutitia au linta, yaani boriti ya juu ya dirisha, kuwa dhaifu. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe pembeni, na urudie kila unapoona umesogea. Ukuta wenyewe utaeleza. Kuhusu bati, mtu apande mchana wa jua atazame mipira ya misumari, kwani ikikauka na kupasuka maji hupenya hapo hapo. Tofautisha pia unyevu unaopanda kutoka chini, ambao huacha chumvichumvi na rangi inayobanduka karibu na sakafu, na ule unaoshuka kutoka juu. Ukiyachanganya hayo kwenye barua, fundi wa mwenye nyumba atakukosoa mara moja.

Mama Mwenye Nyumba, Ujiji
Mimi ni mpangishaji, na barua yenye picha na tarehe hunirahisishia kazi kuliko simu ya usiku yenye hasira. Msiogope kutuandikia.

Mpangaji wa Mwanga
Nawashukuru nyote. Je, naweza kutengeneza mwenyewe na kukata kwenye kodi?

Karani Gungu
Usikate bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Mtumie makadirio ya fundi, subiri akubali kwa ujumbe unaosomeka, kisha tunza risiti za bati, misumari na ufundi. Akikaa kimya, anzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 linasuluhisha tu bila kutoa hukumu. Likishindikana, utakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko daftari na nakala yenye saini vitaombwa.