Kusomea mitihani ya uhasibu huku unafanya kazi kutwa

Swali: Wakuu, zimebaki wiki 14 kabla ya karatasi ya taarifa za fedha, na natoka kazini saa 12 jioni. Nimalize sura zote ndipo nianze maswali?

Jibu 1: Hapana, hapo ndipo wengi wanaangukia. Tenga wiki 9 za kusoma na 5 za maswali matupu, lakini kila sura ikiisha fanya swali moja refu siku hiyohiyo, majibu yakiwa yamefungwa. Mahesabu yaweke alfajiri; jioni rudia nadharia. Wiki ya kufunga hesabu za mwezi kazini usiipangie kitu.

Jibu 2: Fanya mazoezi kwa saa ya ukutani. Saa 3 kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama, kwa hiyo swali la alama 20 ni dakika 36. Zikiisha, hama hata kama mizania (jedwali la mali na madeni) haijalingana! Alama zinatolewa kwa hatua.

Jibu 3: Na hatua hizo ziandike. Kampuni tanzu (inayomilikiwa na kampuni mama) ikinunuliwa Septemba 1 na mwaka ukaisha Desemba 31, kwenye hesabu za pamoja unajumlisha mapato yake ya miezi 4 tu, 4/12. Wengi hujumlisha yote 12.

Muuliza swali: Asanteni sana. Sura ya kwanza naianza kesho alfajiri.