Fundi kavaa oringi yangu mpya mkononi, gari limechemka Isyonje!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Fundi wetu wa rejeta, wa Mbeya wote mnamjua, jina silitaji, KAVAA ORINGI YANGU MPYA MKONONI KAMA BANGILI. Oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji yasivuje!

Nilipeleka Noah ibadilishwe wota pampu. Nikanunua na oringi ya lile bomba la maji linaloingia kwenye pampu, nikamkabidhi. "Sawa bosi." Kumbe nimemvisha! Karudishia ile ya zamani, ngumu, imeshalala bapa, halafu kaifukia kwa silikoni ya kutosha kuziba bwawa la Mtera.

Napanda mlima wa Isyonje, geji ya joto juu, mvuke huo, abiria wanatokea madirishani, kuna bibi katangulia na kuku wake wawili. Kulanti, yale maji ya kupozea injini, yote lami. Narudi gereji, jamaa ananipa mkono. Mkono ule ule. WENYE ORINGI! Eti "pole bosi, itakuwa rejeta hiyo, tununue nyingine."

Oringi inataka mfereji wake usafishwe kutu yote, ilowe kulanti kidogo iteleze, isijikunje, bolti zikazwe kwa kupishana. Basi! Silikoni ikiminyikia ndani inamegeka, inakwenda kuziba rejeta. Huyu anajua yote hayo, ila bangili kaipenda.

Mzee wa Spana: Shukuru hakuipaka grisi. Oringi za maji nyingi ni mpira wa EPDM, ukikutana na grisi ya kawaida au oili unavimba na kulegea. Na huku kwetu juu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, presha inayoyazuia yasichemke ikivuja tu umekwisha.

Mleta uzi: Nakuelewa mkuu, lakini KAIVAA MKONONI.

Binti Rungwe: Ilimpendeza?

Kijiti: Na wewe ulikuwa wapi anafunga? Gari haliachwi na fundi.

Mleta uzi: Nilikuwa nakunywa chai! Hospitali unamsimamia daktari?

Mtu wa Makambako: Wa kwangu alikaza bolti za hauzingi ya thamostati upande mmoja mpaka ikapasuka. Kaniambia ilikuja na ufa kutoka Japani.

Kijiti: 😂😂 Ufa wa kuzaliwa.

Mtu wa Makambako: Na hela kachukua.

Gunia Moja: Mleta uzi, hapo Isyonje ulipochemkia viazi gunia shilingi ngapi?

Mleta uzi: Mimi nalia na oringi, wewe viazi?!

Binti Rungwe: Usimuulize bei, uliza gunia lenyewe. Wanunuzi wanataka lumbesa, juu wanashonea kilemba, mkulima analipwa gunia moja.

Gunia Moja: Si lumbesa ilipigwa marufuku?

Binti Rungwe: Njoo Uyole alfajiri uone hiyo marufuku inavyopakiwa kwenye fuso.

Mzee wa Spana: Na mkiuliza mizani mnaambiwa mbovu.